Mipigo Arobaini Kabla ya Maji

Alfajiri, mtu wa kwanza kufika kisimani hutua dumu chini ya mdomo wa pampu, hushika mkono wake na kuanza kupampu. Hakuna maji. Mpigo wa 10, kimya. Wa 20, hewa inakwaruza ndani ya bomba. Hasimami, wala hamwiti mtu, maana amekwisha kuijua pampu hiyo. Mpigo wa 38 au wa 40 hivi, pampu inakohoa na maji yanatoka.

Anayemfuata hapati taabu hiyo. Ndiyo maana kila mtu angependa mwenzake atangulie.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Kisima kilichokufa kabisa kinapigiwa kelele, kinaandikiwa barua, kinatembelewa. Hiki cha mipigo 40 hakisemwi popote, kwa sababu maji yanatoka. Nimejaribu kuifuata ile mipigo kwenda chini, hatua kwa hatua, nione inaishia wapi. Haikuishia pale nilipotarajia.

## Mipigo inasema nini

Tuchukue Afridev, pampu ya mkono iliyobuniwa Malawi na Kenya miaka ya 1980 na inayotumika kwenye visima ambavyo maji yake hayazidi kina cha mita 45 hivi. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 50, na pistoni husafiri milimita 225 kwa mpigo kamili. Hiyo ni lita 0.44 kwa mpigo. Pampu nzima hujaza dumu la lita 20 kwa mipigo 45 au 46. Ikihitaji 60, robo ya jasho la anayepampu inapotea bure.

Sasa ile mipigo ya alfajiri. Bomba la kupandishia maji la pampu hii hubeba lita 2 na kidogo kwa kila mita, kwa hiyo kila mpigo huinua maji kama sentimita 20. Mipigo 40 maana yake maji yaliyokuwa yamejaa mpaka juu jana jioni yameshuka mita 8 usiku.

Yameshukia wapi? Hapo saa ya mkononi inatosha kuwa kifaa cha fundi. Pampu mpaka maji yatoke vizuri, acha nusu saa, kisha hesabu mipigo mpaka maji yarudi. Ikizidi 5, pampu inavuja. Rudia, lakini safari hii acha saa 1, kisha saa 2. Mipigo ikiongezeka kila unapongoja zaidi, vali ya chini, ile inayoyazuia maji yasirudi kisimani, haishiki. Ikiongezeka halafu ikagota mahali pamoja, tuseme mipigo 15 hata ungoje mpaka kesho, kuna kiungo cha bomba kimefunguka mita 3 chini ya mdomo wa pampu: maji hushuka mpaka kwenye ufa ule na kukaa.

Na kama alfajiri maji yanatoka haraka ila dumu linachelewa kujaa, tatizo ni raba ya pistoni. Dalili yake iko wazi. Ukipampu polepole maji hayaji, ukipampu kwa kasi yanakuja, kwa sababu kasi haiyapi maji nafasi ya kurudi pembeni mwa raba iliyolika. Watoto hugundua siri hii mapema. Ukiona watoto wanapampu mbiombio kwa mipigo mifupi, usidhani wanacheza.

## Raba kiganjani

Ubora wa pampu hii ni kwamba haihitaji winchi. Fimbo zinaunganishwa kwa kulabu, pistoni inapanda kupitia bomba lenyewe, na vali ya chini huvuliwa kwa kifaa kinachofungwa kwenye ncha ya fimbo. Watu wachache wenye spana moja wanaimaliza kazi asubuhi. India Mark II, iliyobuniwa India miaka ya 1970, ni imara na imeenea duniani, lakini umbo lake la kawaida humlazimu fundi kuvuta bomba zote za chuma, moja baada ya nyingine, ili tu afikie raba moja.

Raba hiyo ikishatoka, iweke kiganjani uitazame kwenye mwanga kabla ya kuitupa. Wengi huitupa.

Raba iliyozeeka kihalali imelika sawasawa pande zote, laini, inateleza kidoleni. Raba iliyoliwa na mchanga ina mikwaruzo ya wima, mistari myembamba inayofuata njia ya pistoni, na ukiibinya utaona punje zimezama ndani yake. Pitisha ukucha, unakwama. Ringi ya vali ya chini nayo huwa na punje iliyolala kwenye mfereji wake, na punje hiyo moja inatosha kuyaachia maji usiku kucha.

Utaratibu wa kawaida ni kubadilisha raba za pampu hii na bushi zake za nailoni, zile zinazobeba egemeo la mkono, mara moja kwa mwaka. Zikibadilishwa kwa wakati, kisima kinadumu. Lakini raba mpya ikirudi na mikwaruzo baada ya miezi 2, hakuna ratiba itakayoitosha. Unaweza kubadilisha raba mpaka uchoke, kumbe ugonjwa hauko kwenye pampu.

Mchanga huo unatoka wapi?

## Ndoo moja kwa mita

Watu wakisema kisima kirefu wanafikiria shimo. Mafundi wanajua kwamba kisima kirefu ni vitu vitatu vilivyovalishana: shimo, bomba la kesingi ndani yake, na changarawe inayojaza nafasi kati ya viwili hivyo. Mahali penye tabaka la maji, bomba la kesingi huwa na nyufa nyembamba za kuingizia maji. Changarawe huuzuia mchanga wa ardhini usifike kwenye nyufa, nazo nyufa huizuia changarawe.

Mpangilio huu unategemea vipimo vidogo. Nyufa za milimita 1 huenda na changarawe ya milimita 2 hadi 4, ya mviringo, ngumu, iliyooshwa. Kokoto za kupondwa hazifai. Zina pembe, hushikana njiani na kuacha mapengo, na zikiwa za mawe ya chokaa huyeyuka kidogokidogo. Vivyo hivyo kesingi iliyotobolewa kwa msumeno pale pale kazini: nyufa zinatoka za upana tofauti na ni chache mno. Zikiwa chache, maji yanalazimika kuingia kwa kasi, na maji yenye kasi hubeba mchanga. Kanuni ya wahandisi ni kwamba maji yasipite kwenye nyufa kwa kasi inayozidi sentimita 3 kwa sekunde.

Halafu kuna hesabu ambayo natamani kila kamati ya maji ingeiandika ukutani. Shimo la milimita 200 likiwekewa kesingi yenye kipenyo cha nje cha milimita 125, nafasi inayobaki ni lita 19 kwa kila mita. Yaani ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita ya shimo. Tabaka la kujazwa likiwa mita 30, zihesabiwe ndoo kama 29. Changarawe ikifika juu baada ya ndoo 15, haikujaa. Imekwama katikati, na chini yake kuna pengo ambapo ardhi tupu inagusana na nyufa.

Huhitaji elimu ya juu ya ardhi kuligundua hilo. Unahitaji mtu wa kuhesabu ndoo, na kamba yenye uzito wa kupima changarawe imefika wapi.

Dawa yake ni uvumilivu: kumimina taratibu huku maji yakizunguka shimoni, na kufunga kwenye kesingi vishikizo vya kuiweka katikati ili isilalie ukuta mmoja. Lakini wakati wa kumimina changarawe mara nyingi ni jioni, mashine imekwisha kugonga maji, watu wameshashangilia na kupiga picha, na wachimbaji wana shimo jingine kesho.

## Saa zilizookolewa

Hapa ndipo mipigo 40 ilipofikia, kwa maoni yangu. Mwanzo wake si siku pampu ilipoanza kuvuja. Ni jioni ile.

Changarawe ikishakaa, kisima hakijawa kisima bado. Kuchimba kumeziba vinyweleo vya ardhi kwa vumbi la mwamba, au kwa tope lililotumika kushikilia kuta za shimo. Karibu na changarawe kuna mchanga mwembamba ambao lazima utolewe sasa, kwa makusudi, kabla haujajitokeza wenyewe kupitia pampu. Kazi hiyo mafundi huiita kusafisha kisima, na jina hilo limeiponza: mtu akisikia kusafisha anadhani ni kuondoa uchafu mpaka maji yawe meupe.

Maji yanaweza kuwa meupe baada ya nusu saa, na kisima kikawa bado.

Sababu iko hivi. Ukiyavuta maji upande mmoja tu, punje za mchanga hujibana kwenye mapengo na kushikana kama watu wanaogombania mlango mmoja. Maji yanatoka meupe kwa sababu punje zimejifunga zenyewe. Siku pampu itakapoanza kazi, kuanza na kusimama, kuanza na kusimama, mfungo ule utavunjika na mchanga utaingia. Kusafisha kwa kweli ni kuyapeleka maji na kuyarudisha. Bomba la hewa ya kompresa linashushwa, maji yanarushwa juu kwa nguvu, hewa inafungwa ghafla, maji yanaporomoka na kusukuma nje kupitia nyufa, kisha yanarushwa tena. Unaanza sehemu moja ya nyufa, unashuka, unarudia. Maji yaliyokuwa meupe yatachafuka tena, na hiyo ni habari njema.

Saa 4 hadi 6 za kazi hii si nyingi. Lakini mwisho wake hauamuliwi na saa. Jaza beseni jeupe, yazungushe maji kwa mkono, acha yatulie. Punje zote hujikusanya katikati, zikahesabika. Endelea mpaka katikati pasiwe na kitu, na pabaki hivyo hata baada ya kufunga hewa na kuifungua upya.

Kwa nini basi hukatizwa? Muulize anayelipa analipia nini. Mikataba mingi hulipa kwa mita iliyochimbwa na kwa maji kupatikana. Kusafisha huwekwa kwenye mstari mmoja wa bei ya jumla, kwa hiyo kila saa ya kompresa ni mafuta yanayotoka mfukoni mwa mchimbaji. Simlaumu sana. Amefanya kile alicholipiwa. Ukitaka afanye zaidi, lipa kusafisha kwa saa, na uandike kwamba malipo ya mwisho yanangoja beseni.

## Mkono huchoka, jua halichoki

Kisima cha aina hii kinaweza kuvumilia pampu ya mkono miaka mingi kikiumwa hivyo hivyo. Mkono wa mtu una kikomo. Hatari kubwa huja siku ya kufunga pampu ya sola juu ya kisima kilekile.

Hesabu ya sola yenyewe si ngumu. Watu 500 wakihitaji lita 20 kila mmoja ni lita 10,000 kwa siku. Kuinua mita moja ya ujazo ya maji kwa mita moja ni wati-saa 2.7, hivyo kuziinua 10 kwa mita 60 ni karibu wati-saa 1,640. Pampu na bomba hula zaidi ya nusu ya umeme, kwa hiyo andaa 3,500 hadi 4,000. Kwa saa 5 za jua kali, paneli za wati 700 hadi 800 zinatosha. Wauzaji wanaipiga kwa dakika moja.

Swali ambalo halipigwi kwa dakika moja ni kama kisima kinaweza kutoa lita 2,000 kwa saa, kila siku, mwisho wa kiangazi. Jibu hutoka kwenye jaribio la kusukuma maji: unapima kina cha maji yakiwa yametulia, unayavuta kwa kiasi kisichobadilika kwa saa 24, huku ukiandika kina kila dakika mwanzoni, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Tuseme yalikuwa mita 18 na yakatulia mita 31. Vizuri. Yakiwa bado yanashuka saa ya mwisho, takwimu ya uwezo iliyoandikwa kwenye ripoti ni ya kukisia. Pampu ikizimwa, pima pia yanavyorudi. Kisima kinachochukua siku mbili kurudi kilipokuwa kinakuambia kwamba maji yake ni akiba inayokwisha.

Jaribio likifanywa wakati wa masika, ongeza mita kadhaa kwenye kina kabla ya kuliamini.

Pampu yenyewe ining'inie juu ya sehemu yenye nyufa, isizielekee, kwa sababu ikizielekea huvuta maji mahali pamoja kwa kasi na kuuvuta mchanga ulioachwa na jioni ile. Na iwekewe kihisi cha kuizima maji yakishuka. Bila hicho, mota inaungua kimya kimya.

## Meupe si salama

Nisingependa beseni jeupe limpotoshe mtu. Linaonyesha mchanga tu.

Bangladesh, mamilioni ya visima vya bomba vilichimbwa ili watu waache maji ya madimbwi yaliyowaua watoto kwa kuhara. Maji yalikuwa meupe. Miaka ya 1990 ndipo ilipobainika kwamba vingi vilikuwa na arseniki, ambayo haina rangi wala harufu wala ladha. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 0.01 kwa lita. Ukanda wa Bonde la Ufa una floridi, ambayo kikomo chake ni miligramu 1.5. Meno ya watoto huharibika rangi kabla mtu hajapima. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo, tena huzidisha, kwa kuwa maji hupungua na sumu hubaki. Vipimo hivi vifanywe kabla ya kufunga pampu, wakati bado kuna nafasi ya kukubali kuchimba mahali pengine.

Maji mekundu yana kipimo chake cha nyumbani. Chukua ndoo ya kwanza ya alfajiri na ndoo nyingine baada ya kupampu muda mrefu. Ya kwanza ikiwa nyekundu na ya pili nyeupe, ardhi haina kosa: bomba za chuma zinaliwa na maji yenye asidi, hasa pH, kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 6.5, na dawa ni kuzibadilisha kwa plastiki au chuma kisichoshika kutu. Zote mbili zikiwa nyekundu, chuma kimo kwenye maji yenyewe.

Na maji yakichafuka saa chache baada ya mvua, tazama juu, usitazame chini. Mita 6 za kwanza nje ya kesingi zilitakiwa kujazwa saruji. Labda hazikujazwa.

## Spana mkononi mwa nani

Muongo wa maji wa Umoja wa Mataifa, 1981 hadi 1990, ulieneza wazo ambalo bado ninaliheshimu: pampu itengenezwe na wanaoitumia, kwa vifaa vinavyopatikana karibu. Afridev ni mtoto wa wazo hilo. Kwa muda mrefu niliamini kwamba kisima kikifa, kuna kamati iliyozembea mahali fulani. Haikukusanya fedha, au iliukusanya mchango na kuutumia vingine.

Imani hiyo imenitoka. Kamati inaweza kubadilisha raba kila mwaka. Haiwezi kurudisha changarawe iliyokwama mita 40 chini ya ardhi. Tumewakabidhi watu spana, na kosa ambalo spana haiwezi kulifikia, kisha tunawaita kwenye semina ya umiliki.

Hata hivyo sitaki kuwaondolea kila kitu. Wapo wanaoacha pampu ivuje mpaka fimbo ikatike. Wapo waliofundisha fundi mmoja tu, kijana, naye akahama. Fundisheni wanne, na wawili wawe wanawake walioolewa au kujenga hapo hapo, kwa kuwa ndio wanaoisikia pampu kila siku na ndio wa kwanza kujua sauti yake imebadilika.

## Kamba na karatasi

Karatasi moja ingebadilisha mengi, nayo ni ile ambayo mchimbaji huandika na kuondoka nayo: kina cha shimo, nyufa zinaanzia mita ngapi na kuishia ngapi, ndoo za changarawe zilizoingia, maji tuli, maji yakivutwa. Idaiwe siku ya makabidhiano. Nakala moja ikae kwa mtunza fedha, nyingine shuleni.

Kwa karatasi hiyo, siku fimbo zitakapovuliwa kwa ajili ya ile mipigo 40, msizirudishe haraka. Ikishatoka vali ya chini, teremsheni kamba yenye uzito mpaka iguse chini, ivuteni na muipime. Karatasi ikisema mita 60 na kamba ikasema 57, kuna mita 3 za mchanga ndani ya kesingi, na mnajua sasa raba zinaliwa na nini. Bomba la kupandishia maji litolewe lote, na aitwe mwenye kompresa, alipwe kwa saa.

Kabla ya kufunga pampu tena, tieni klorini, kwa sababu fimbo zimelala chini. Kesingi ya kipenyo cha ndani cha milimita 110 hubeba lita 9.5 kwa mita, kwa hiyo mita 40 za maji ni lita 380. Gramu 60 za unga wa klorini wa asilimia 65 zinafikisha kama miligramu 100 kwa lita. Ongezeni nyingine kiasi hicho kwa ajili ya maji yaliyomo kwenye changarawe. Koroga kwanza ndoo, mimina, acha usiku kucha, watu wakiwa wameambiwa. Asubuhi pampuni mpaka harufu iishe, maji hayo yamwagwe mbali na mazao.

Halafu ngojeni nusu saa, mhesabu mipigo, na namba hiyo iandikwe kwenye karatasi ileile pamoja na tarehe.